Mwanajeshi mstaafu akiomba kura Mombasa: cheo tumekisikia, kazi alifanya ipi?

Mtongwe ni makao ya Jeshi la Wanamaji, lililoundwa tarehe 12 Desemba 1964, na Nyali nako kuna kambi ya jeshi la nchi kavu. Si ajabu basi Mombasa kujaa wastaafu wa jeshi: huyu ana vyumba vya kupangisha Likoni, yule anasimamia ulinzi wa maghala Shimanzi, mwingine anaendesha trela la kubeba makontena. Na si ajabu, msimu wa kura ukikaribia, mmoja wao kujitokeza na bango ambalo maneno "Kapteni mstaafu" ni makubwa kuliko jina lake mwenyewe.

Barazani mjadala hugawanyika upesi. Kuna wanaosema tumechoka na wapiga domo, tupewe mtu wa nidhamu aje ainyooshe kaunti. Kuna wanaojibu kwamba askari amezoea kuamrisha na kuamrishwa, na kaunti si kambi. Wote wana hoja, ila wote wanapima gwanda. Miaka 18 ya mtunza stoo, miaka 18 ya fundi mitambo wa meli na miaka 18 ya komando humtoa kila mmoja na akili yake, ijapokuwa wote watatu hupiga saluti ile ile. Tena, yale ambayo mgombea wa aina hii huyapigia debe zaidi, yaani amri, ukakamavu na kutoogopa, ndiyo yasiyo na kazi kubwa katika bunge la kaunti. Yanayofaa hasa hayataji kabisa, pengine kwa sababu yeye mwenyewe huyaona ni mambo ya kawaida.

Kwanza sheria, kwa kuwa hapo ndipo baadhi hukwama kabla ya kampeni. Ibara ya 99 ya Katiba inamzuia afisa wa umma kugombea ubunge, na ya 193 inafanya hivyo kwa wawakilishi wadi. Mwanajeshi aliye kazini ni afisa wa umma. Sheria ya Uchaguzi inamtaka ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya siku ya kura, na kwa kuwa uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, hesabu hiyo inaangukia mapema Februari. Tatizo ni kwamba jeshini huandiki barua leo ukatoka kesho. Kuna mkataba wa utumishi, kuna idhini ya wakubwa, kuna vifaa vya kurudisha na pensheni ya kushughulikia. Anayeanza kufikiria siasa mwezi wa Januari amechelewa. Akitoka salama, bado kuna chama: orodha ya wanachama hupelekwa kwa tume ya uchaguzi, IEBC, siku 120 kabla ya uchaguzi, na akiwa kazini hakuruhusiwa kujihusisha na shughuli za chama chochote. Matokeo yake, mstaafu wa juzi huingia kwenye mchujo bila mtandao wowote mtaani, akishindana na mtu aliyezika na kuozesha watu wa wadi hiyo kwa miaka kumi. Wengi huishia kuwa wagombea huru, na hapo kuna masharti mengine: saini za wapiga kura 500 wa wadi kwa kiti cha uwakilishi wadi, 1,000 wa eneo bunge kwa ubunge, na awe si mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu iliyotangulia uchaguzi.

Sare nazo zina sheria yake. Kuvaa sare za jeshi bila idhini ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na Ibara ya 239 inavikataza vyombo vya usalama vya taifa kuendeleza maslahi ya chama chochote. Picha ya zamani ukutani kwake haina neno. Magwanda jukwaani Tononoka ni jambo jingine kabisa, na mgombea asiyejua tofauti hiyo ameshatuonyesha jinsi anavyosoma sheria.

Tukija kwenye manufaa, tuangalie stoo. Kila kifaa kina kadi: kimepokewa kingapi, kimetolewa kingapi, nani aliweka saini, kimebaki kingapi. Mtunza stoo akihamishwa, yeye na anayempokea huhesabu mali pamoja, kitu kwa kitu, kisha wote wawili hutia saini. Kikipungua kitu kabla ya saini, mzigo ni wa anayetoka. Kikipungua baadaye, ni wa aliyeingia. Melini ni vivyo hivyo kwenye kubadilishana zamu. Afisa anayeingia darajani, yaani chumba cha kuongozea meli, usiku hufika kama robo saa mapema ili macho yazoee giza, aambiwe meli inaelekea wapi, kwa kasi gani, mitambo ikoje, vyombo gani viko karibu, na hapo tu ndipo atatamka kwamba ameipokea zamu. Kabla hajatamka, jambo lolote likitokea ni la yule wa kwanza. Kisha kuna kikao cha baada ya operesheni, ambapo husemwa kilichopangwa, kilichotokea, kilichoharibika na sababu yake, na hata koplo huulizwa.

Linganisha na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu kaunti. Yanayojirudia ni daftari la mali lisilokamilika, malipo yasiyo na vocha, magari yasiyo na hati, vifaa vya hospitali vilivyonunuliwa vikakaa bila kutumika. Hayo ni maradhi ambayo mtunza stoo wa Mtongwe angeyatambua kwa kutupa jicho mara moja. Kwa hiyo mstaafu akiniambia "nilikuwa naibu wa mtunza stoo, na katika miaka tisa sijapoteza hata buti", huyo namtaka kwenye kamati ya hesabu za umma ya bunge la kaunti, hata kama hajawahi kufyatua risasi nje ya uwanja wa shabaha. Lakini ni nadra kumsikia mgombea akijinadi hivyo. Anajua umati unataka kusikia habari za vita vya Kismayu, Somalia.

Sasa upande wa pili, na hapa ndipo penye uzito. Jeshini mradi hupita kwa amri. Katika kaunti hupita kwa kura na kwa kalenda. Chukua mtaro wa maji ya mvua kule Timbwani. Ili ujengwe, lazima kwanza uwemo katika mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao hufikishwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Kisha usiachwe nje ya waraka wa sera ya fedha wa Februari 28, uingie katika makadirio ya Aprili 30, na upitishwe kabla ya Juni 30. Baada ya hapo kuna zabuni, na Msimamizi wa Bajeti lazima aidhinishe fedha kutoka. Mwakilishi atakayechaguliwa Agosti 2027 atakuta bajeti ya 2027/28 imeshapitishwa na watangulizi wake. Mpango wa Septemba utakuwa karibu umekamilika kabla hata hajajua choo cha bunge kiko wapi. Pasipo bajeti ya nyongeza, shilingi ya kwanza yenye alama ya mkono wake itaanza kutembea Julai 2028. Kwa hiyo mstaafu anayeahidi kuinyoosha wadi ndani ya siku mia moja ama hajui kazi anayoiomba, ama anajua na anatuchezea.

Tena, bunge la kaunti ya Mombasa lina wawakilishi 30 waliochaguliwa, mmoja kwa kila wadi, pamoja na walioteuliwa. Hakuna aliye chini ya mwenzake. Mtaro wa Timbwani utapita ikiwa yule wa Mwakirunge ataunga mkono, naye ataunga mkono ikiwa barabara yake haitasahauliwa. Huko ni kubembelezana, kukopeshana kura, kunyamaza leo ili usikilizwe kesho. Mwanajeshi aliyezoea kwamba neno la mwisho ni la mwenye cheo huyaita haya unafiki, hukasirika, hugombana na spika, na wadi ndiyo inayolipia. Afisa wa ngazi za juu ndiye aliye hatarini zaidi. Sajini ametumia maisha yake katikati, akitafsiri amri za juu ziwe kazi inayowezekana kwa watu wa chini, na kupeleka juu malalamiko bila kuonekana mkaidi. Hiyo tayari ni siasa. Nikiambiwa nichague bila kujua zaidi, nitamtanguliza sajini kuliko kanali kwa kiti cha uwakilishi wadi.

Wanaotetea ukakamavu hupenda kuutaja mfano wa Nairobi. Februari 2020 Gavana Mike Sonko alitia saini mkataba wa kukabidhi majukumu manne ya kaunti kwa serikali kuu, zikiwemo afya na usafiri, na mwezi uliofuata Meja Jenerali Mohamed Badi akawekwa kuongoza Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi. Visima vilichimbwa katika mitaa ya mabanda, vituo vya afya vikajengwa, na wakazi wengi walisema mambo yanakwenda. Haya ni ya kweli na yasipuuzwe. Ila yatazame vizuri. Badi hakuomba kura kwa mtu, na nyuma yake alikuwa na Rais. Hata hivyo, pesa zilikwama pale gavana alipokataa kutia saini bajeti. Kalamu moja ya raia ilitosha kumsumbua jenerali. Idara yenyewe ilifungwa 2022, na kaunti ikarudishiwa kazi zake. Huo ni mfano wa kilichowezekana mtu alipopewa njia ya kuukwepa mvutano wa kaunti. Mwakilishi wa Mtongwe au Chaani hatapewa njia hiyo.

Hoja nyingine inayouzwa rahisi ni kwamba jeshi halina ufisadi, basi mstaafu ni msafi. Mombasa tuna jibu lake limeelea majini. Meli ya KNS Jasiri iliagizwa kwa mkataba wa 2003, bei ikiwa zaidi ya shilingi bilioni nne. Ikazongwa na maswali ya zabuni, ikakwama Hispania kwa miaka, na haikufika bandarini hapa hadi 2012. Usiri unaolinda mipango ya vita hulinda pia vocha mbaya. Hii haimaanishi mgombea wako aliiba. Maana yake ni kwamba usafi wake hauthibitishwi na mahali alikofanya kazi, sawa na vile kazi ya Mamlaka ya Mapato au ya bandarini isivyomfanya mtu kuwa mwizi.

Historia nayo haiko upande mmoja. Idi Amin alitoka King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza, akapindua serikali ya Uganda Januari 1971, na kivuli chake bado hutajwa kila anapotajwa askari na siasa. Hapa kwetu, jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982 lilifanya Jeshi la Anga livunjwe na kuundwa upya. Lakini jeshi la Mwingereza katika Vita vya Pili vya Dunia ndilo pia lililomfungua macho Bildad Kaggia. Alirudi akiwa mpinzani wa ukoloni, akafungwa pamoja na wenzake wa kesi ya Kapenguria, akachaguliwa mbunge wa Kandara 1963, na mwaka uliofuata akaacha cheo cha naibu waziri kwa sababu ya suala la ardhi ya wasio nacho. Nidhamu ya jeshi haikumfanya mtu wa "ndiyo afande". Meja Jenerali Joseph Nkaissery alishinda Kajiado ya Kati mara tatu kuanzia 2002, akihama kutoka KANU hadi ODM njiani kama mwanasiasa mwingine yeyote, kisha akawa Waziri wa Usalama wa Ndani mwisho wa 2014. Shutuma za operesheni ya kijeshi ya 1984 kule Pokot Magharibi hazikumwacha. Tanzania ilipoingia mfumo wa vyama vingi 1992, wanajeshi walitakiwa kuchagua. Jakaya Kikwete akavua sare akiwa luteni kanali na kubaki kwenye siasa, na 2005 akawa rais. Mtu huyu alikuwa ameishi ndani ya chama kwa miaka kabla ya kuomba kura, na hilo ndilo lililombeba zaidi kuliko cheo.

Ukitoa amri, usiri na historia, linabaki swali la vitendo: mpiga kura ataujuaje ukweli? Marekani wana utaratibu. Anayeacha jeshi hupewa fomu iitwayo DD-214 inayoonyesha tarehe za utumishi, cheo, medali na namna alivyoondoka, na waandishi wa habari huitafuta bila haya. Ndiyo maana 2024 Tim Walz, mgombea mwenza wa Kamala Harris, alibanwa kuhusu cheo. Alikuwa amefikia cheo cha sajini meja wa ngazi ya juu kabisa, lakini hakumaliza kozi iliyotakiwa, hivyo akastaafu kwa cheo cha chini yake. Alibanwa pia kwa kauli ya 2018 iliyodokeza kwamba alibeba silaha vitani, hali yeye alipelekwa Italia. Miaka yake 24 katika National Guard, jeshi la akiba la majimbo, haikuwa uongo. Kilichomuumiza ni pengo dogo kati ya kilichoandikwa na kilichosemwa.

Kwetu hakuna mazoea hayo. Ukiiandikia Wizara ya Ulinzi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, unastahili kujibiwa ndani ya siku 21, lakini usalama wa taifa na faragha ya mtu ni sababu halali za kukunyima. Njia fupi ni kumwomba mgombea mwenyewe atoe cheti chake cha utumishi hadharani. Angalia mwaka wa kuingia, mwaka wa kutoka, cheo cha mwisho, fani, na sababu ya kuondoka. Kumaliza mkataba, kustaafu kwa umri, kuondolewa kwa ugonjwa na kufukuzwa baada ya mahakama ya kijeshi ni mambo manne tofauti, ingawa kwenye bango yote huandikwa "mstaafu".

Kisha piga hesabu. Operesheni Linda Nchi, ya jeshi letu kuingia Somalia, ilianza Oktoba 2011. Kismayu iliingiwa mwishoni mwa Septemba 2012, na wanamaji walihusika kwa sababu majeshi yalishuka kutokea baharini. Shambulizi dhidi ya kambi yetu ya El Adde lilikuwa Januari 15, 2016, la Kulbiyow Januari 27, 2017. Aliyeandikishwa 2014 hawezi kuwa alishuka Kismayu na wale wa kwanza. Na aliyekuwepo kazini 2012 si lazima awe alikwenda Somalia. Jeshi ni wapishi, mafundi redio, wauguzi, madereva, makarani, wahandisi. Uongo hapa hauna haja, ndiyo maana ukipatikana unasema mengi kuhusu mtu.

Jibu la "siwezi kusema, ni siri ya jeshi" lisimezwe lote. Sheria ya Siri za Serikali inamfunga kweli juu ya mipango, silaha na taarifa za ujasusi, hata baada ya kustaafu. Haimfungi juu ya miaka yake, fani yake na jinsi alivyoondoka. Kwa upande wa pili, kuna ule uchafu wa kunong'onezana kwamba fulani alirudi Somalia na "kichwa hakijatulia". Wanaoueneza ni washindani wasio na hoja. Aliyepata matibabu ya majeraha ya akili akaendelea na maisha ana haki ya kugombea kama mwingine, na hadaiwi cheti cha daktari.

Maadili ya mtu huonekana akiulizwa jambo linalogusa jeshi lenyewe. Tarehe 25 Juni 2024 serikali ilichapisha tangazo la kupeleka wanajeshi kuwasaidia polisi wakati wa maandamano. Ibara ya 241 inaruhusu jeshi kusaidia wakati wa dharura na kutoa ripoti bungeni, na kurejesha amani kwa idhini ya Bunge la Taifa. Muulize mgombea: ungekuwa mbunge siku ile, ungepiga kura gani, na kwa kifungu kipi? Anayejibu kwamba askari hufuata amri tu bado yuko kambini. Anayejibu kwamba jeshi lisiguse raia kamwe hajasoma Katiba, au anatafuta makofi. Kati ya hapo kuna majibu mengi ya heshima.

Lililo zito kuliko yote mitaani, hata hivyo, ni kuandikishwa kwa vijana. Akishachaguliwa mtu wa jeshi, simu ya kwanza atakayopigiwa ni ya mzazi: "Mheshimiwa, mwanangu amemaliza shule, hebu ongea na wenzako." Ahadi ya nafasi za jeshi hushinda kura Likoni kuliko ahadi ya mtaro, na wagombea wanalijua hilo. Jeshi la Ulinzi, KDF, husema kila mwaka kwamba uandikishaji haulipiwi, vijana hupimwa uwanjani hadharani katika kila kaunti ndogo, na barua za wito hutolewa na maafisa wenyewe, si na mbunge wala mwakilishi wadi. Mstaafu mkweli anaweza kufanya mengi ya halali: kutangaza tarehe mapema, kuwasaidia vijana kupata vitambulisho na vyeti vyao vya shule kabla ya siku yenyewe, kuwafanyisha mbio na kuwaeleza kwa nini wengi huangushwa na meno, miguu bapa au makovu. Anayedokeza kwamba ana "nafasi zake" anauza asichokuwa nacho, na soko hilo lina bidhaa moja tu, barua bandia. Barua hizo hugunduliwa siku ya kuripoti kwenye chuo cha makuruta Eldoret, na anayekamatwa pale langoni ni kijana aliyeishika, wakati aliyemuuzia yuko Mombasa.